Ufunguo Ulio Begani

Dominika ya 21 ya Mwaka A
Masomo: Isa 22:19-23, Rum 11:33-36, Mt 16:13-20



Katika masomo ya Dominika hii tunasikia mara mbili habari za ufunguo. Katika Injili, Petro anaahidiwa funguo za Ufalme wa mbinguni. Na zaidi ya miaka mia saba kabla yake, nabii Isaya anamtangazia Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme, kwamba ataondolewa katika cheo chake. Shebna alishika madaraka ya jumba zima, akajiona mkubwa, hata akajichongea kaburi la fahari mwambani. Nafasi yake akapewa Eliakimu, mwana wa Hilkia.

Ndugu zangu, tuangalie mambo mawili katika habari ya Eliakimu. Kwanza, ufunguo ule unawekwa begani pake. Hauning'inizwi shingoni kama pambo. Begani ndipo mtu abebapo mzigo. Pili, huyo aliyepewa ufunguo anaitwa baba wa wakaaji wa Yerusalemu. Hakupewa ufunguo ili watu wamwogope, bali ili wapate kwa nani kukimbilia.

Leo nataka tuwatafakari washika funguo wa siku zetu ambao kanisani hatuwataji mara nyingi. Ni wasimamizi wa mitambo ya kompyuta: wale vijana na akina dada katika hospitali, shule, benki na ofisi za majimbo yetu, ambao sisi twawaita tu mafundi wa kompyuta. Wao ndio wanaotunza seva na mtandao, wanaotoa na kubadili maneno ya siri, wanaohifadhi nakala za akiba. Mlango wao ukifungwa, daktari haoni cheti cha mgonjwa wala mhasibu halipi mishahara. Na upande wa pili tupo sisi wengine, tunaopiga hodi mlangoni pao bila kujua ndani kuna nini. Je, Mkristo aliye upande huu na Mkristo aliye upande ule wanaishije pamoja?

Nitawasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Si jambo la kujivunia.

Katika ofisi moja niliyowahi kutumikia tulikuwa na fundi kijana, hodari katika kazi yake. Chumba chake kilikuwa nyuma, chini ya ngazi. Asubuhi alichelewa kufika, nasi tukanong'ona kwamba huenda ni mlevi. Hatukujua kwamba kazi nzito alizifanya usiku, sisi tukiwa tumelala, kwa sababu mitambo haiwezi kuzimwa wakati watu wote wanaitumia. Ilipofanya kazi vizuri tulisema, "Huyu analipwa kwa kukaa bure." Ilipoharibika tulisema, "Huyu analipwa kwa kazi gani?"

Naye alikuwa na kasoro yake. Siku moja kompyuta yangu ilizimika, nikamwita kwa haraka. Alipofika aliinama, akaona waya umechomoka ukutani. Akacheka mbele ya makarani. "Baba, hata hili hukuliona?" Saa ya chai habari ya waya ilikuwa imefika kwa kila mtu. Nami nilicheka pamoja nao, lakini moyoni niliapa kwamba sitamwita tena.

Miezi ikapita. Jumatatu moja nikapokea barua pepe iliyoonekana kutoka ofisini kwetu. Ilisema sanduku langu la barua limejaa, na kwamba niandike neno langu la siri ili lisifungwe. Nikaliandika. Baada ya dakika chache moyo ukanishtuka. Nikaitazama tena ile barua, nikaona anuani ya mpelekaji siyo yetu. Nilielewa nimempa mtu nisiyemjua ufunguo wa nyumba.

Wapendwa, kutoka mezani pangu hadi chumba cha yule kijana zilikuwa hatua arobaini. Sikuzitembea. Nilikumbuka kile kicheko. Nikajiambia, "Huenda hapana neno." Jumatatu ikapita, na Jumanne.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Alikuwa katekista wa kigango cha mbali, mzee ninayemheshimu sana. Akaniuliza, "Baba, ile fedha ya mseminari mgonjwa imekufikia?" Sikujua habari ya mseminari yeyote. Kumbe barua ilikuwa imetumwa maparokiani kwa jina langu na kutoka katika anuani yangu halisi, ikiomba msaada wa haraka, na mwishoni pamewekwa namba ya simu ya kupokelea fedha. Paroko aliwasomea viongozi. Na yule mzee, aliyekuwa ameuza mahindi yake juma lile, akatuma shilingi 80,000.

Ndipo nilipozitembea zile hatua arobaini. Kijana alinisikiliza bila kunikatiza. Akabadili neno la siri, akamfungia nje yule mwizi, akaniandalia tangazo la kuyaonya maparokia yote. Kazi hiyo yote haikufika nusu saa. Kisha akasema kwa upole, "Baba, ungeniambia Jumatatu, hata barua moja isingetoka." Nikamjibu kweli yangu: "Mwanangu, niliogopa utanicheka." Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Basi kosa hili ni letu sote wawili. Siku ile ya waya ndipo nilipoufunga mlango."

Fedha ya katekista niliirudisha kutoka mfukoni mwangu. Lakini kuna kitu sikuweza kukirudisha upesi. Miezi kadhaa baadaye niliandika barua ya kweli, ya mchango wa kweli, na watu wakasita. Wenye haja halisi walingoja zaidi kwa sababu ya siku mbili za kimya changu.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa la kubofya pasipostahili laweza kumpata mtu yeyote, msomi na asiye msomi. Linalogeuka msiba mara nyingi ni lile lililofichwa. Na watu huficha pale wanapojua kwamba ukweli wao utapokelewa kwa dharau. Kwa hiyo fundi anayewacheka wenzake hajawakosea adabu tu, bali amebomoa pia ukuta aliopewa aulinde. Naye mfanyakazi anayeficha kosa ili kulinda heshima yake anawauza wenzake kwa heshima hiyo.

Tena tusidhani kwamba mambo haya ni ya ofisi ndogo tu. Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, programu ovu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi nyingi. Ilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili kuyafungua. Huko Uingereza, kati ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali na huduma za umma za afya, zisizopungua 80 ziliathirika, na maelfu ya wagonjwa waliokuwa na miadi wakaahirishiwa. Lakini dawa ilikuwepo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi mwaka huohuo, na maonyo yalikuwa yametolewa. Kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa marekebisho hayo. Nanyi mnaofanya kazi maofisini mnajua jinsi inavyokuwa. Fundi huomba mashine zizimwe kwa saa moja, na kila idara humjibu, "Leo hapana, tuna kazi nyingi." Siku ya shida, fundi yuleyule huulizwa kwa nini hakutulinda.

Upande wa pili nao una funzo lake. Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zilizimika katika pembe nyingi za dunia, ndege hazikuruka, na hospitali na benki zikakwama. Safari hii hapakuwa na mwizi. Kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, ambayo kazi yake ndiyo hiyo ya kulinda kompyuta, ilisambaza marekebisho yenye kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Nyingi hazikuweza kuponywa kutoka mbali. Ilibidi mafundi waziendee moja moja na kuzirekebisha kwa mikono, meza kwa meza, usiku na mchana.

Kumbe hata mabingwa huteleza. Injili yatukumbusha jambo hilohilo. Petro alipoahidiwa funguo hakugeuka malaika. Mistari michache mbele, Bwana anamkemea kwa ukali kwa sababu mawazo yake si ya Mungu, na usiku wa mateso atamkana mara tatu. Bwana hakumnyang'anya funguo, bali alimfundisha kwamba anayefungulia wengine naye ahitaji kusamehewa. Fundi anayekumbuka makosa yake mwenyewe hatakuwa mwepesi kumcheka asiyeuona waya ukutani.

Basi tufanyeje? Nina neno kwa kila upande.

Kwenu ninyi washika funguo. Kazi yenu ni huduma, na Mungu anaiona hata usiku wa manane wakati hakuna mwingine aionaye. Lakini semeni lugha inayoeleweka. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba kanisani aliona heri maneno matano yenye kueleweka kuliko maelfu ya maneno katika lugha isiyojulikana na wasikilizaji. Unapomjibu mwenzako kwa maneno ya ufundi ili tu atambue kwamba hajui, umemfanya mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Aidha, mwenye funguo za barua na siri za watu amepewa amana. Anaweza kusoma mengi, na hapana budi asisome yasiyomhusu. Shebna aliangushwa kwa kugeuza dhamana kuwa fahari yake. Mwige Eliakimu, muwe kama baba na mama mlangoni.

Kwenu ninyi, na mimi nikiwemo, tunaopiga hodi. Tuseme kweli, na tuiseme mapema. Tusipeane maneno ya siri kana kwamba ni njugu. Fundi akituomba saa moja ya kurekebisha mitambo, tumpe. Ofisi inapotaka kununua mitambo mipya, aulizwe kabla ya kununua, asiitwe baadaye kuja kubeba lawama. Tena tumshukuru siku ambayo hakuna kilichoharibika, kwa maana siku hiyo ndiyo kazi yake. Mama mwenye nyumba hamshukuru mlinzi kwa sababu wezi walikuja, bali kwa sababu usiku umepita salama.

Nanyi makatekista, msiseme kwamba hayo ni mambo ya mjini. Vigangoni mwenu yuko kijana anayeelewa simu na kipaza sauti, na yuko mzee anayeogopa kumwuliza. Mfundisheni kijana kwamba kila akifundishapo bila kucheka, anatenda tendo la huruma. Kanisa lina mfano wake. Tarehe 7 Septemba 2025, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza kuwa mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15. Alikuwa hodari wa kompyuta. Akautumia ujuzi wake kuitumikia parokia yake na kuwaeleza watu miujiza ya Ekaristi. Ufunguo aliopewa aliutumia kuwafungulia wengine.

Katika ofisi ile niliyowasimulia, mambo yalibadilika kidogo. Kila Ijumaa, kabla ya chai, kijana alitufundisha jambo moja kwa robo saa. Alianza siku ya kwanza kwa kusimulia kosa lake mwenyewe, jinsi alivyowahi kufuta mafaili ya mwezi mzima akidhani anafuta takataka. Tulicheka sote, naye akicheka. Tangu siku hiyo mlango wa chini ya ngazi ulikaa wazi, na watu walipita hapo hata kwa mambo madogo. Na hodi ya kwanza, nakiri, mara nyingi ilikuwa yangu.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, wewe uliyebeba begani si ufunguo tu bali msalaba wetu, wape unyenyekevu wale uliowakabidhi ujuzi, na utupe sisi tusiojua ujasiri wa kuuliza na wa kukiri. Uwaponye waliodhulumiwa kwa sababu ya kimya chetu. Utufanye sote kuwa watu wa nyumba moja, ambamo hodi haiogopwi na mlango haufungwi kwa dharau. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Nawatakia Dominika njema.