Kutu Haizibwi kwa Pati

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu)



Nilipoombwa niseme maneno machache, niliambiwa nichague jambo litakalowafaa vijana. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ya kila siku ni majalada. Bila shaka wengi mlitarajia nizungumzie nidhamu kazini. Mtaniwia radhi. Nitazungumza juu ya kutu.

Mnaikumbuka maabara yetu ya kemia. Tulipewa neli tatu na misumari mitatu. Msumari wa kwanza ulikaa katika hewa kavu, pamoja na kloridi ya kalsiamu ya kunyonya unyevu. Wa pili ulikaa katika maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, na juu yake tukamimina mafuta. Wa tatu ulikaa katika maji ya kawaida, neli ikiwa wazi. Baada ya siku kadhaa ni ule wa tatu tu uliopata kutu. Tukaandika daftarini: kutu huhitaji maji na oksijeni. Nilipata alama zote, kisha nikakaa miaka karibu ishirini bila kuelewa nilichoandika.

Marehemu baba aliniachia gari aina ya Volkswagen, lile lenye umbo la kobe, la mwaka 1970. Wazee hapa wanalijua vizuri. Gari la namna hiyo lilishinda mbio za Safari mwaka 1962, na hadi lilipoacha kutengenezwa huko Mexico mwaka 2003, yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 21. Kwetu nyumbani lilikuwa gari lililompeleka mama hospitali usiku, na ndilo lililonileta hapa kidato cha kwanza, sanduku langu la chuma likiwa limefungwa kwa kamba juu ya paa. Sikuwa tayari kuliuza.

Nilipoona rangi inavimba chini ya mlango, nililipeleka kwenye karakana moja. Nikamwambia fundi: "Fanya haraka, na isiwe ghali." Baada ya siku tatu nililikuta linang'aa, na chini limepakwa lami nyeusi. Nikalipa, nikashukuru, na kwa miezi minane nikawapeleka watoto wangu shule ndani ya gari lile.

Siku moja tukapata pancha. Nikaweka jeki mahali pake, nikazungusha. Gari halikuinuka. Jeki ndiyo iliyopanda, ikapenya ndani kwa sauti kama ya biskuti inayovunjika. Nikainua zulia. Chini yake palikuwa na magazeti, wavu wa kufugia kuku, pati, kisha lami. Kiti cha mbele, anachopenda kukaa mwanangu mkubwa, reli yake ya upande wa mlango ilikuwa imeshikilia magazeti.

Ndugu zangu, nilikaa kando ya barabara nikitetemeka. Sikuweza kumlaumu fundi peke yake. Alinipa kile nilichomwomba.

Jirani akanipeleka kwa mzee mmoja, fundi bodi wa siku nyingi. Alilizunguka gari mara moja, akaniuliza:

"Mwanangu, umesoma mpaka chuo kikuu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi niambie, kutu huanza kula upande gani?"

"Upande wa nje, mzee, mvua inakopiga."

Akacheka. "Hula kutoka ndani. Ukiona rangi imevimba nje, jua mwenzio keshakula cha mchana na cha usiku."

Ndipo misumari yetu mitatu ilipofufuka kichwani mwangu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma rangi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo ndani ya chuma; ndiyo maana magari ya pwani huoza upesi. Pati na lami vikipakwa juu ya kutu huyafungia maji ndani. Nilikuwa nimelipa fedha ili kutengeneza neli ya tatu chini ya miguu ya watoto wangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini iko namna ya kuziba ufa inayoharakisha ukuta kuanguka.

Tulifanya kazi kila Jumamosi kwa miezi mitano. Nitawaeleza kwa ufupi, maana wapo kati yenu watakaoshika kazi hii.

Kwanza ni kugonga. Mzee alipita sakafu yote kwa nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, na bisibisi huzama. Kila palipozama alichora kwa chaki. Chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, ndipo betri hukaa, na hapo tindikali ilikuwa imemaliza kila kitu.

Pili ni kushikiza kabla ya kukata. Katika gari hili, chini ya milango kuna mihimili miwili yenye uwazi ndani, inayopeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi mbele. Mihimili hiyo ndiyo pia nguvu ya bodi. Ukiikata yote miwili kwa pamoja, bodi hupinda na milango haifungi tena. Tulichomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa milango, tukamaliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili.

Tatu ni moto. Betri hutolewa, tangi la petroli hutolewa. Na bomba la petroli hupita ndani ya mgongo wa katikati ya sakafu, mahali usipoliona. Asiyejua hilo anaweza kuteketea yeye na gari.

Nne ni kukata mpaka chuma cheupe. Hapa niligombana na mzee. Tundu lilikuwa kama kiganja, naye akakata kipande cha ukubwa wa sinia. "Kutu haishiki moto," akasema. "Ukichomelea juu yake unajidanganya." Kiraka kilikuwa cha bati la geji 18, unene kama milimita 1.2. Bati la kuezekea halifai: ni jembamba, na zinki yake ikiungua hutoa moshi unaoleta homa.

Tano ni kuchomelea kwa subira. Bati jembamba likipata joto jingi hujikunja. Alipiga nukta moja hapa, nyingine kule mbali, akasubiri zipoe, akarudi, mpaka nukta zikakutana.

Mwisho ni kinga: rangi ya zinki, kizibo cha maungio, rangi ya juu, na nta ndani ya mihimili. Matundu ya kutolea maji aliyaacha wazi. Maji yataingia tu, alisema. Cha muhimu yapate pa kutokea.

Gari linatembea hadi leo. Gharama yake ilikuwa mara nne ya ile ya kwanza, na kazi yote iko mahali ambapo hakuna mtu atakayeiona.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa niseme jambo ambalo halimo katika ratiba. Jana jioni nilipita chini ya mnara wa tangi la maji, pale wanafunzi wanapochota. Umepakwa rangi mpya ya fedha kwa ajili ya kutupokea, nasi tunashukuru. Lakini chini ya ile rangi niliona mapovu. Nikaigonga miguu yote minne kwa funguo zangu. Mitatu ililia. Mguu wa upande wa bweni haukulia.

Najua tumekubaliana kuchangia lango jipya lenye jina la shule. Naomba lango lisubiri. Tumlete fundi Jumatatu apime, tangi litolewe maji mpaka atakaporidhika, na vijana wachote kwingine. Mimi nitaanza mchango, na Jumamosi nitakuja kushika nyundo. Wanafunzi wa kemia watakaopenda waje pia.