Nyota Zingali Zikiumbwa



Himdi zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mlioko misikitini na mlioko majumbani kando ya redio zenu, leo tumekusudia kulijibu swali lililotufikia kutoka Ngujini, katika milima ya Upare ya Kaskazini. Kijana anayesoma sekondari alirudi nyumbani kwa likizo, akawaambia wazee barazani kwamba nyota hazikuumbwa zote kwa mara moja, bali nyingine zinaumbwa hata sasa tunapozungumza. Babu yake alikasirika. Alisema kuwa Mwenyezi Mungu aliziumba mbingu na ardhi kwa siku sita, kazi ikatimia, na mwenye kudai kuwa nyota inazaliwa leo amekwisha kutoka katika dini. Kijana alinyamaza kwa adabu, lakini tangu siku ile hafungui tena kitabu chake mbele ya babu. Mama yake ndiye aliyetuuliza: amsikilize nani, baba mkwe wake au mwanawe?

Mzee wetu yule hakutenda ila kuilinda imani ya nyumba yake, na kwa hilo tunamwombea kheri. Lakini kumwambia Muislamu kuwa ametoka katika dini si neno dogo, na kabla ya kulitamka inatupasa tujue kwanza kijana amesema nini.

Wanafalaki wanatufundisha kwamba baina ya nyota na nyota yamo mawingu makubwa ya gesi, sehemu kubwa yake ikiwa ni haidrojeni, pamoja na vumbi laini mfano wa moshi. Mawingu hayo yana baridi kali, nyuzi 250 na zaidi chini ya sifuri. Pale yanaposongamana, uzito wake wenyewe huyavuta kuelekea kati, yakawa kama donge. Donge hilo hukazana, na kadiri linavyokazana ndivyo linavyopata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi mwa mwenye kujaza upepo. Joto la kati likifika nyuzi milioni 10 hivi, viini vya haidrojeni huungana vikawa heliamu, na katika kuungana huko hutoka nguvu kubwa mno. Hapo nyota imewaka. Jua letu nalo lilipita njia hiyo hiyo. Lilichukua miaka ipatayo milioni 50 kabla ya kutulia, na sasa umri wake ni miaka bilioni 4.6.

Huenda msikilizaji akauliza: ni nani aliyeishi miaka milioni 50 akayaona hayo? Hapana aliyeishi. Lakini mtu akiingia asubuhi moja tu katika shamba la migomba huko Ngujini, ataona chipukizi lililotoka ardhini juzi, ataona mgomba uliokomaa, ataona uliobeba mkungu, na ataona uliokauka unaongoja kukatwa. Hakukaa shambani miaka miwili, lakini ameujua mwendo wa mgomba tangu mwanzo hadi mwisho. Wanafalaki hufanya vivyo hivyo. Huzitazama nyota nyingi zenye umri mbalimbali, wakazipanga kwa daraja zake.

Tabu yao kubwa ni kwamba vumbi linalojenga nyota ndilo hilo hilo linaloificha, kwa hiyo macho hayafiki ndani. Basi wakatafuta njia nyingine. Sote tunajua kuwa makaa yaliyofunikwa majivu hayaonekani gizani, lakini ukipitisha mkono juu ya jiko utalihisi joto lake. Nyota changa nayo hutoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho, na miali hiyo hupenya vumbi. Ndiyo iliyotengenezewa darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, yenye kioo cha upana wa mita 6.5, na ambayo sasa iko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Na huko Chile, katika jangwa la Atacama, mahali palipo kwenye kimo cha mita 5,000, ziko antena 66 zinazopokea mawimbi kama haya ya redio, ila mafupi zaidi. Mwaka 2014 antena hizo zilipiga picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri, ambayo umri wake haujazidi sana miaka milioni moja. Nyota hiyo ilionekana imezungukwa na sahani ya gesi na vumbi yenye mistari ya duara, mfano wa ungo. Katika sahani za namna hiyo ndimo sayari hutengenezeka, na ardhi hii tunayosujudia imetokana na sahani kama hiyo iliyolizunguka jua lilipokuwa changa.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii, ingawa vijana wetu wengi hawaambiwi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni. Siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Miali hiyo haipenyi hewa yetu, kwa hiyo ni lazima chombo kipande juu ya hewa. Uhuru ilitambua vyanzo zaidi ya 300 vya miali hiyo. Vyombo vilivyokuja baada yake vimegundua kwamba nyota changa nazo hutoa eksirei kwa wingi.

Sasa tuitazame Kilimia, ambayo Waarabu huiita Thurayya. Wazee wetu waliipa jina hilo kwa kuwa iliwajulisha wakati wa kulima, na huko Afrika ya Kusini Waxhosa na Wazulu huiita isiLimela, kwa asili hiyo hiyo. Macho huona nyota sita au saba, lakini kwa darubini zimo zaidi ya elfu moja, ndugu wa tumbo moja, zilizotoka katika wingu moja miaka ipatayo milioni 100 iliyopita. Jua letu lina umri wa mara 40 na zaidi ya umri wao. Ziko mbali nasi kiasi cha miaka 440 kwa mwendo wa nuru, nayo nuru hukata kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo nuru ya Kilimia inayoingia machoni mwetu leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593.

Basi kijana amesema nini? Amesema kuwa nyota ina hatua. Nasi sote tumesoma katika Suratul Muuminun jinsi mwanadamu anavyopitishwa katika hatua tumboni mwa mama yake, na hatujasikia mtu akimwambia mkunga kuwa amekufuru kwa sababu anazijua hatua hizo. Mtoto aliyezaliwa jana Ngujini ameumbwa na Mwenyezi Mungu, na wala hakuumbwa katika zile siku sita. Siku zenyewe mbele ya Mola si siku za kalenda zetu, kama inavyobainika katika Suratul Hajj. Na Suratu Faatir inatufundisha mwanzoni mwake kwamba Yeye huzidisha katika kuumba kama apendavyo. Aliyesema kuwa Mungu angali akiumba hakumpunguzia Mungu kitu.

Lakini tuna neno pia kwa upande wa pili, yaani kwa wahubiri wenzetu na wanafunzi wenye haraka. Katika Suratu Fussilat imetajwa mbingu ilipokuwa moshi, na wapo wanaoisoma aya hiyo wakasema: haya ndiyo mawingu ya wanafalaki. Sisi hatupendi haraka hiyo. Wanafalaki wenyewe hurekebisha kauli zao. Kwa miaka mingi waliamini kuwa vumbi linalong'aa kuizunguka Kilimia ni masalio ya wingu lililoizaa, kisha wakatambua kuwa ni vumbi jingine tu ambalo Kilimia inapita ndani yake. Kwao hilo si aibu, ni kawaida ya elimu. Lakini kama sisi tungalikuwa tumeifunga aya na kauli ile ya kwanza, tungaliwaambia nini watoto wetu siku kauli ilipobadilika? Aya na ibaki na heshima yake, na darubini nayo iachwe ifanye kazi yake.

Yanayotuhuzunisha zaidi ni mambo mengine kabisa kuhusu nyota. Kijana mwenye kitabu anaogopwa, ilhali mtu anayejitangaza kuwa anasafisha nyota za watu anakaribishwa uani na kuandaliwa chai. Mama anaambiwa nyota ya binti yake imeibiwa, ndiyo maana hajaolewa, naye anauza mbuzi wawili ili irudishwe. Ndugu zetu, jua ni nyota ya wastani tu, nalo limeizidi ardhi hii uzito mara 330,000. Huyo mwizi ameibeba nyota kwa gunia gani?

Mtume (S.A.W.) aliufunga mlango huu zamani. Mwanawe Ibrahim alipofariki, jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Naye, pamoja na majonzi yake, aliwakataza kauli hiyo: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Na huko Hudaibiya, asubuhi baada ya mvua ya usiku, aliwatenga mbali wale wanaoinasibisha mvua na nyota. Kwa hiyo mkulima anayeitazama Kilimia ajue majira hana kosa, kama asivyo na kosa anayetazama saa ajue adhuhuri imefika. Lakini saa haileti adhuhuri, na Kilimia haileti mvua.

Jawabu letu kwa mama yule ni kwamba mwanawe hakutoka katika dini, na akifungue kitabu chake. Tena amwonyeshe babu yake kwa macho. Mwezi wa Februari, baada ya sala ya Isha, ukungu ukiwa umeondoka mlimani na taa za uani zimezimwa, watoke nje watazame juu, karibu na utosi. Wataona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja katika kundi ambalo Waarabu waliliita Al-Jauza. Upande wa kusini wa hizo tatu kuna nyota ndogo ndogo zilizoshuka kama upanga, na katikati ya upanga huo ipo moja isiyo kali, mfano wa pamba. Peiresc wa Ufaransa ndiye aliyeitambua kwa darubini mwaka 1610 kuwa ni wingu. Ndani yake nyota changa kwa mamia zinaendelea kuumbika, na nuru yake watakayoiona iliondoka huko katika karne ya kwanza ya Hijra. Macho ya babu yakiwa yamepungua nguvu, wamwazimie darubini ya mikono, na kijana amshike bega asijikwae gizani.