Banda Kavu Lenye Hewa: Maandalizi ya Kipupwe kwa Wafugaji wa Kuku wa Nyanda za Juu Kusini



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuliandaa banda la kuku la nyumbani kabla ya miezi ya baridi. Nashukuru kwamba tumekutana mvua zikielekea ukingoni, kwa sababu karibu kila nitakalolisema lina manufaa likifanywa wiki hizi. Likingojewa hadi Juni, sakitu ikishaanza kuonekana kwenye majani ya bondeni, kazi huwa ya kuokoa badala ya kuandaa.

Kuku mkubwa, mzima, mwenye manyoya kamili, hafi kwa baridi ya Njombe. Joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 41 na 42, na manyoya yake hushika hewa katikati; hewa hiyo iliyotulia ndiyo blanketi lake. Kinachomuua, au kinachomfanya augue na kuacha kutaga, mara nyingi ni yale tunayoyafanya sisi tukidhani tunamkinga: tunaziba banda lisipumue, tunamlaza juu ya matandiko mabichi, tunawasha moto mahali usipostahili kuwashwa. Mada yangu yote inasimama juu ya hoja hii.

Niseme pia kwamba michoro mingi ya mabanda inayotufikia imechorwa kwa ajili ya joto la Morogoro au Dar es Salaam. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Banda lililo wazi pande zote, ambalo ni sahihi kabisa kule pwani, huku linamwacha kuku kwenye upepo usiku kucha.

Upepo na jua

Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wetu mkuu ni wa kusi, unaotoka kusini-mashariki, na mara nyingi unakuja na ukungu na manyunyu. Miezi hiyohiyo jua linapita upande wa kaskazini mwa anga. Mambo haya mawili yanakubaliana vizuri mno, na sijui kwa nini hatuyatumii zaidi. Banda lenye urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, ukuta wa kusini ukiwa umezibwa, na upande wa kaskazini ukiwa na wavu kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, linaupa upepo mgongo na linapokea jua hadi sakafuni. Jua hilo linakausha matandiko bila gharama yoyote.

Wenye mabanda ya mabanzi, ambao ndio wengi hapa, wana kazi moja kubwa: nyufa. Kandika udongo kwa ndani kuanzia chini hadi juu kidogo ya usawa wa fito za kulalia. Kisha ujipime. Usiku wenye upepo, ning'iniza nyoya kwa uzi pale kuku wanapolala. Likipeperuka, bado kuna upepo unaowapiga, tafuta ufa. Usitumie mshumaa kwa kipimo hiki, maana uko katikati ya maranda na nyasi kavu.

Anayejenga upya asijenge bondeni. Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka kwenda chini na kutulia huko. Wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, wanajua sakitu inaanzia wapi. Kupanda mteremko hatua chache kunaweza kukuepusha nayo.

Unyevu

Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo tunapopotezea kuku wengi.

Kuku wakubwa 20 hunywa takriban lita 4 hadi 5 za maji kwa siku. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka tena, kwa kinyesi, ambacho robo tatu yake ni maji, na kwa pumzi. Karibu nusu ya siku nzima kuku hao wako ndani. Sasa fikiria banda lililozungushiwa turubai kila upande, na juu kuna bati. Mvuke unapanda, unakutana na bati baridi, unageuka matone, na alfajiri matone hayo yanawadondokea kuku mgongoni. Nyoya lililolowa haliwezi tena kushika hewa. Mwenye banda anaona kuku wamejikunyata, anasema baridi imezidi, anaongeza turubai la pili.

Chini nako kinyesi kilicholowa kinatoa amonia. Hewa ikifika sehemu 25 za amonia katika milioni, macho na njia ya hewa ya kuku huanza kudhurika. Ndani ya koo la hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma nje vumbi na vijidudu. Amonia huvilemaza, na hapo mafua ya kuku na magonjwa mengine ya kifua hupata mlango. Pua ya mwenye banda huizoea harufu hiyo, kwa hiyo haifai kwa kipimo cha kusimama mlangoni mchana. Ingia saa 12 asubuhi kabla hujafungua chochote, chuchumaa hadi kichwa chako kiwe usawa wa kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, kuku wamekesha humo.

Dawa yake ni kuacha nafasi ya hewa juu, mbali na kichwa cha kuku. Kwa banda lisilo na wavu ule wa kuanzia kiunoni, mimi napendekeza mwanya wa sentimita 20 hadi 30 chini ya kenchi, urefu wote wa ukuta wa kaskazini, uliofunikwa kwa wavu imara wa kuzuia vicheche. Upande wa kusini acha mwanya mwembamba zaidi, wa upana wa kiganja, uliokingwa na paa linalochomoza vizuri. Fito za kulalia ziwe chini ya mianya hiyo. Hewa yenye mvuke itapita juu yao na kutoka. Mianya hii haizibwi hata usiku wa sakitu. Chini ya bati tandaza dari la mkeka wa mianzi, ambayo huku haitupigi chenga, na matone yatapungua sana.

Matandiko yawe maranda makavu, unene wa sentimita 10 hadi 15. Viwanda vya mbao vimetuzunguka, kwa hiyo hatuna udhuru, ila tuchague: vumbi laini la msumeno huingia puani na vifaranga hulila, na maranda yaliyolala mvuani yakaota ukungu huleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya maana. Kila baada ya siku chache chota maranda ya katikati ya banda, yafumbate. Ukifumbua kiganja yakabaki donge, ni mabichi: yatoe, tia mapya. Yakisambaa, yako sawa. Vyombo vya maji vitolewe nje jioni kuku wakishapanda fito. Wakiwa gizani hawanywi, lakini chombo kinavuja. Na tusiwabane kuku kwa hoja kwamba wakisongamana wanapata joto. Zaidi ya kuku watano wakubwa kwa mita moja ya mraba, maranda hayawezi kukauka.

Fito zenyewe ziwe na upana wa sentimita 4 hadi 5, bapa juu, kingo zimelainishwa. Kwenye fito bapa kuku huketi juu ya vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya ya tumbo.

Vifaranga na moto

Yote niliyosema kuhusu uvumilivu wa kuku hayamhusu kifaranga. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha tunapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki hadi manyoya yatakapotimia, kwenye wiki ya tano au ya sita. Kwa hiyo joto lazima litoke mahali fulani, na huku kwetu limekuwa likitoka kwenye jiko la mkaa.

Wafugaji wenzangu, kila kipupwe tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu pale ambapo oksijeni ingeshika. Mkaa mwekundu usiotoa moshi, ule tunaouona msafi, unaitoa vilevile. Kuuwashia nje kwanza kunapunguza moshi, sumu inabaki. Nyumba nyingi zinalelea vifaranga katika chumba wanacholala watoto, kwa sababu ndicho chenye joto. Naomba jambo hili liishe msimu huu. Bruda ya mkaa, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto la mkaa, isiwe kamwe katika chumba anacholala mtu. Mwenye kulazimika kuutumia, aweke bruda kwenye banda la peke yake lenye mwanya wa juu ulio wazi, jiko likae ndani ya kizuizi cha bati juu ya mchanga mtupu, na maranda yasifike karibu mita moja kutoka hapo.

Wenye umeme nao wana hatari yao. Balbu ya joto ikianguka juu ya maranda, banda linakwisha kabla hujapata ndoo. Ifungwe kwa waya au mnyororo kwenye kenchi, mara mbili, isining'inie kwa nyaya zake za umeme, na iwe angalau sentimita 45 juu ya maranda. Tena taa hizi za kisasa zinazookoa umeme hazitoi joto la kutosha. Zinawamulikia vifaranga tu huku wakifa kwa baridi.

Ninachowapendekezea wengi wetu ni sanduku la nyasi. Ni sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati zimeshindiliwa nyasi kavu, pembe za ndani zimeviringwa ili vifaranga wasilaliane, na juu kuna mfuniko wa wavu wenye nyasi zilizotandazwa kwa wepesi, hewa ipite. Joto la vifaranga wenyewe linabaki humo. Kwa ubaridi wa huku, wiki ya kwanza ongeza dumu la maji ya moto lililofungwa barabara na kuviringishwa gunia, ulibadilishe likipoa. Umeme ukikatika usiku, vifaranga hawapotezi chochote. Na mwenye kuku wa kienyeji anayeatamia vizuri anayo bruda bora kuliko zote. Amtafutie kona kavu tu.

Bruda ya namna yoyote, wasome vifaranga wenyewe. Wakirundikana kwenye joto, wanaona baridi. Wakilikimbia na kutweta, limezidi. Wakibanana upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili.

Chakula, mwanga na chanjo

Kuku hula zaidi wakati wa baridi, na asipopata zaidi hupunguza mayai. Chenga za mahindi zikitolewa saa 11 jioni husagwa usiku na kumpa joto. Msimu huu mahindi ni mengi, na hapo pana mtego: yale yenye ukungu tunayoyatenga ugalini ndiyo tunayowatupia kuku. Sumu ya kuvu huharibu ini la kuku na inaweza kuacha mabaki ndani ya yai. Yachomwe. Asubuhi wape maji ya uvuguvugu, kwani maji ya baridi kali huwafanya wanywe kidogo, na asiyekunywa hali.

Kuhusu kuwasha taa ili watage: ushauri huo umetoka nchi za kaskazini, ambako mchana wa Desemba, London kwa mfano, ni wa saa 8 hivi. Kwetu mchana wa Juni una saa 11 na nusu hivi, pungufu kwa saa moja tu kuliko wa Desemba. Rekebisha chakula na matandiko kwanza.

Chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu. Ipangeni iangukie Mei, kuku wakiwa wazima, kwa kuku wote wa kitongoji siku moja.

Mchana huu tutatengeneza sanduku moja la nyasi hapa uani, na baada yake tutakwenda kwenye banda la jirani aliyetukaribisha kuweka mwanya wa juu. Wenye misumeno na mikasi ya kukatia wavu, tafadhali njooni nayo.