Pilau ya Nafaka Nzima kwa Sufuria Moja

(Maneno ya hotuba juu ya mapishi ya nyumbani, kwa watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe)

Hapana chakula kinachoheshimiwa katika nyumba za Mombasa kuliko pilau. Harusi haiwi harusi bila ya pilau, na mgeni aliyetoka mbali akiandaliwa pilau hujua kuwa amepokewa kwa heshima. Zamani ilikuwa chakula cha siku kuu. Siku hizi hupikwa hata siku za kazi, kutoka Mtongwe mpaka Mishomoroni, na kutoka Magongo mpaka Mikindani. Basi, kwa kuwa chakula hiki kimekuwa cha mara kwa mara, yafaa kitazamwe vizuri: je, kinaujenga mwili, au kinaushibisha tu?

Nafaka na watu wa pwani ni marafiki wa siku nyingi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier katika nchi ya Morocco, alifika Mogadishu akaandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kisha alifika Mombasa, akaandika kwamba watu wa kisiwa hawalimi nafaka, bali huletewa kutoka pwani ya bara. Maana yake ni kwamba tangu zamani hizo upande wa bara ndio uliokilisha kisiwa. Nafaka hiyo ilitwangwa kwa kinu na mchi, ikapepetwa kwa ungo, na ikaingia chunguni ikiwa bado na sehemu ya ganda lake la ndani. Mashine za kukoboa zilipokuja, kazi ya mama ilipungua, na hilo ni jambo jema. Lakini mashine hizo, pamoja na kuondoa kazi, ziliondoa pia kitu chenye thamani.

KILICHOMO NDANI YA PUNJE

Mpunga ukiisha kuondolewa makapi yake magumu, ambayo hayaliwi na mtu, hubaki punje yenye sehemu tatu. Ya kwanza ni ganda jembamba la rangi ya kahawia, ambalo likisuguliwa na mashine hutoka likawa pumba. Ya pili ni kiini kidogo, ndicho kinachochipua mbegu ikipandwa. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni wanga mweupe. Mchele mweupe ung'aao dukani ni ile sehemu ya tatu peke yake. Zile mbili za kwanza, ambazo ndizo zenye vitamini nyingi, madini na nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, mara nyingi hupewa kuku na ng'ombe. Mtu hununua mchele kwa fedha nyingi, na mifugo hula ulio bora.

Jambo hili lilitambulikana kwanza kwa sababu ya kuku. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akifanya kazi Batavia katika kisiwa cha Java, mji ambao leo huitwa Jakarta. Aliona kuku wake wakilegea miguu na kuanguka, kama wagonjwa wa beriberi waliokuwa hospitalini. Kumbe kuku hao walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe wa hospitali ya askari. Alipokuja mpishi mwingine aliyekataa kutoa wali wa askari kwa kuku, wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapona. Baadaye ikajulikana kwamba katika pumba na kiini mna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake, nacho leo huitwa vitamini B1. Kwa kazi hiyo Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Asidhani mtu kuwa hayo ni mambo ya Java na ya zamani tu. Kati ya mwaka 2009 na 2010 askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakilinda amani Mogadishu, watu wa Uganda na Burundi, walianza kuvimba miguu na kushindwa kuvuta pumzi. Walioshikwa walikuwa zaidi ya 240, na baadhi yao walifariki. Wengine waliletwa kwa ndege mpaka hospitali za Nairobi na Kampala. Walipochunguzwa, ilionekana kuwa ni beriberi ile ile. Walikuwa vijana wenye nguvu na chakula walipewa. Kilichopungua ni vitamini B1. Kushiba ni jambo moja, na kulishwa vema ni jambo jingine.

Zaidi ya hayo uko ugonjwa wa sukari, ambao siku hizi umeingia katika nyumba nyingi za pwani. Wanga uliovuliwa ganda lake hugeuka sukari upesi katika damu. Wenye ganda lake hugeuka polepole. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa habari za uchunguzi wa watu karibu 197,000. Waliokula mchele mweupe mara 5 au zaidi kwa juma walikuwa na hatari ya ugonjwa huo iliyozidi kwa asilimia 17, wakilinganishwa na waliokula chini ya mara moja kwa mwezi. Waliokula mchele wa kahawia mara 2 au zaidi kwa juma hatari yao ilipungua kwa asilimia 11. Haina maana kwamba mchele wa kahawia ni dawa, wala kwamba mgonjwa aache vidonge vyake. Maana yake ni kwamba sufuria ya nyumbani inaweza kumsaidia mtu au kumdhuru.

KUPATA NAFAKA YENYEWE

Wengi husema mchele wa kahawia ni ghali, na katika maduka makubwa ni kweli. Lakini zipo njia. Mpunga hulimwa katika mabonde ya Kwale na katika delta ya mto Tana, si mbali na Mombasa. Akina mama wachache wakichanga fedha zao wanaweza kununua gunia la mpunga, wakamwambia mwenye mashine autoe makapi tu, asiusugue mpaka uwe mweupe. Wasinunue mwingi mno kwa mara moja, maana ganda lile lina mafuta, na katika joto la pwani mchele huo huvunda upesi kuliko mweupe. Uwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, nao utumike katika miezi michache.

Asiyeupata mchele huo asikate tamaa. Mtama mzima, ambao wazee wa Kimijikenda waliujua sana kabla ya mahindi kuenea, unafaa. Kadhalika ngano nzima, ile ipikwayo boko boko. Nafaka yo yote yenye ukungu itupwe. Isioshwe wala isichanganywe na nzuri. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika Ukambani na sehemu za jirani kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi yaliyoota ukungu, na sumu hiyo haimalizwi na moto wa jikoni.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa watu 6: vikombe 3 vya mchele wa kahawia; kikombe 1 cha pojo, ambazo watu wa bara huziita ndengu; robo kilo ya nyama isiyo na mafuta, iliyokatwa vipande vidogo; vitunguu maji 3; punje 6 za kitunguu saumu; tangawizi mbichi kiasi cha kidole; karoti 2; fungu 1 la mchicha; vijiko 3 vya mafuta ya kupikia; na kijiko kidogo 1 cha chumvi, kisichojaa sana. Viungo ni vile vya siku zote: bizari nyembamba vijiko vidogo 2, mdalasini kijiti 1, iliki 6, karafuu 5 na pilipili manga punje 10. Asiye na nyama aiache, azidishe pojo. Pilau haitaharibika, na mwili hautakosa chakula cha kuujenga.

NAMNA YA KUPIKA

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, mpishi achambue mchele na pojo, atoe chuya na mawe, avioshe, kisha aviloweke katika maji mpaka asubuhi. Hatua hii isirukwe. Nafaka isiyolowekwa hula mkaa mwingi na hukawia kuiva, na hapo ndipo watu husema mchele huu ni mgumu kama kokoto.

Siku ya pili atie mafuta katika sufuria yenye kitako kizito, akaange vitunguu kwa moto wa wastani mpaka viwe rangi ya kahawia, bila ya kuungua. Rangi ya pilau hutoka hapo; mwenye haraka ya vitunguu hupata wali wa njano usio na harufu. Kisha atie kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, halafu viungo, akoroge kidogo mpaka harufu ipande. Nyama ifuate, igeuzwe mpaka ibadilike rangi, itiwe maji vikombe 2, ifunikwe na kuachwa ichemke mpaka ianze kulainika.

Ndipo achuje mchele na pojo, avitie sufuriani pamoja na karoti na chumvi. Aongeze maji ya moto mpaka yote, pamoja na ile supu iliyobaki, yawe kiasi cha vikombe 7. Akoroge mara moja tu. Yakichemka, apunguze moto na kufunika. Baada ya dakika 25 hivi maji yatakuwa yamekaribia kukauka. Hapo autandaze mchicha uliokatwa juu ya wali, afunike tena, aweke makaa machache juu ya kifuniko na machache chini, kama wapikavyo pilau ya harusi. Palio likae dakika 20. Asifunue funue, maana mvuke ndio unaoivisha. Ikiwa punje bado ni ngumu, anyunyize nusu kikombe cha maji ya moto na kungoja kidogo. Sufuria ikiepuliwa, ipumzike dakika 10 kabla ya kupakua.

Atumiaye mtama uliolowekwa autangulize sufuriani nusu saa kabla ya mchele. Na kama watoto wanaukataa wali wa kahawia, mama asigombane nao. Mara ya kwanza achanganye nusu kwa nusu na mchele mweupe, wa kahawia ukitangulia dakika 25. Mara ya pili apunguze mweupe. Na siku zikipita ulimi utazoea. Haba na haba hujaza kibaba.

KUOKOA MKAA

Bei ya mkaa ni mzigo kwa kila nyumba. Iko hila ya kupunguza mzigo huo, nayo ni kikapu. Kikapu kikubwa huwekwa matambara au blanketi nzito ndani yake, pande zote na chini. Pilau ikiisha kuchemka kwa nguvu dakika 15, ikiwa imefunikwa, sufuria huepuliwa na kuwekwa katika kikapu upesi, ikafunikwa juu kwa mto au blanketi jingine. Ikiachwa saa moja na nusu mpaka saa mbili, joto lililomo huendelea kuivisha bila ya moto wo wote, na wala haiungui. Mpishi huyo apunguze maji kidogo, maana mvuke haupotei. Na atumiaye jiko la mkaa asilifungie chumbani pamoja na watu; hewa yake huua bila ya kunusika.

KUPAKUA NA KUWEKA

Pilau hii iandamane na kachumbari ya nyanya, vitunguu na ndimu. Ndimu haiwekwi kwa ladha tu: ina vitamini C, ambayo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika pojo na mchicha, nayo ndiyo yanayojenga damu. Katika sahani, nusu iwe mboga na kachumbari, na nusu iliyobaki wagawane wali na kitoweo. Chumvi isiongezwe mezani. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, katika vyakula vyote alavyo.

Neno la mwisho ni la kiporo. Wali uliopikwa usiachwe katika joto la Mombasa zaidi ya saa mbili. Viko vijidudu vinavyoishi ndani ya mchele hata baada ya kupikwa, navyo hutoa sumu ambayo haiondoki kwa kupashwa moto. Kwa hiyo kilichobaki kitandazwe katika sinia kipoe upesi, kisha kiwekwe mahali pa baridi kali na kuliwa siku ya pili kikiwa kimepashwa mpaka kimetoa mvuke. Nyumba isiyo na friji ipike kiasi cha kuliwa siku hiyo.

Mabibi na Mabwana, wako watakaosema kwamba wali usio mweupe si wa kumwekea mgeni. Lakini heshima ya pilau haikuwa kamwe katika weupe wake. Ilikuwa katika harufu ya viungo, subira ya mpishi, na sinia moja iliyozungukwa na watu wengi. Hayo yote yamo katika pilau hii, na zaidi yake imo afya ya wale wanaoizunguka. Mwenye nyumba aijaribu Ijumaa moja, awape watu wake bila ya kueleza mengi, kisha atazame kama ukoko utabaki sufuriani.