Haki au faida?

Sisi wa chumba cha habari riziki yetu ni kutafsiri. Habari huingia kwa Kiingereza, nawe una dakika chache tu kabla taarifa haijasomwa. Usiku mmoja, nikiwa bado mgeni kazini, niliandika kwamba "chama cha haki" kimeshinda uchaguzi katika nchi moja ya Ulaya. Kumbe kilichoshinda ni chama cha mrengo wa kulia! Neno lilikuwa "right", nami nilishika maana ya kwanza iliyonijia. Mhariri hakunikaripia. Alinisogezea kamusi tu.

Neno hilo lina mambo. Ni mkono wa kulia, ni jambo lililo sahihi, na ni haki ambayo mtu anaweza kuidai. Kwa Kijapani kila maana ina neno lake. Upande wa kulia ni "migi", na kilicho sahihi ni "tadashii". Na haki? Hapo ndipo wafasiri wa karne ya 19 walipotoka jasho, maana hawakuwa na neno lililozoeleka la kitu ambacho raia anaweza kukidai hata mbele ya mtawala.

Mmoja wao alikuwa Fukuzawa Yukichi, aliyefika Marekani mwaka 1860 na Ulaya mwaka 1862. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1870 juu ya nchi za Magharibi, alikiri kwamba neno hili ni gumu kutafsiri, akaeleza maana zake moja moja. Baadaye, katika maandishi aliyoanza kuyatoa mwaka 1872, alitumia "kenri". "Ken" ni mamlaka. "Ri" aliiandika kwa alama yenye maana ya kanuni, yaani kile ambacho akili inakubali kuwa ni sawa.

Lakini kulikuwa na "kenri" nyingine, iliyopatikana katika tafsiri ya Kichina ya kitabu cha sheria za mataifa, iliyotoka Peking mwaka 1864. Kwa sikio hazitofautiani hata kidogo. Kwa maandishi, "ri" ya pili ni faida. Hiyo ya faida ndiyo iliyoshinda. Iliingia katika katiba ya mwaka 1889, na imo katika katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947, ambayo rasimu yake Wamarekani waliiandika kwanza kwa Kiingereza.

Sisemi kwamba Wajapani wamekosa haki kwa sababu ya alama moja. Lakini fikiria mjane anayedai shamba la marehemu mumewe. Ni jambo moja jirani waseme, "Anadai kilicho sawa." Ni jambo jingine waseme, "Anatafuta faida yake." La kwanza linamwinua, la pili linamfanya aonekane mchoyo.

Sisi Waswahili tumebahatika. Mjane huyo anadai haki, na hakimu anatakiwa kutenda haki. Neno ni lile lile, hata asiyesoma analielewa. Tulitunze basi, tusilitumie ovyo kwa kila anayetaka kitu. Na wewe kijana uliyeketi leo kwenye kiti nilichokalia mimi usiku ule, kabla hujaandika, fungua kamusi.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.