Somo la Leo: Wimbo na Kalamu

Leo tuzungumze juu ya nyimbo.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja. Alikuwa maskini, akiuza vyungu huku akiimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Bara Hindi, kuimba katika santuri. Alifariki mwaka 1950. Sauti yake ingali ikisikika kwa kuwa ilitiwa katika santuri. Maisha yake twayasoma kwa kuwa Shaaban Robert aliyaandika.

Je, nyimbo anazoimba mama yako mzee akipalilia kahawa, ni nani aliyeziandika? Siku akituacha, nazo zitakwenda.

Jioni hii chukua kalamu. Mwombe akuimbie wimbo mmoja, ujapokuwa wa Kinyiha. Uandike pole pole, neno kwa neno. Kesho uusome darasani.

Kwaherini.