Akiba ya Chama Ihesabiwe kwa Miezi

Chama kidogo cha wafanyakazi kikitangaza kwamba kina shilingi milioni 24 benki, ukumbi hupiga makofi. Swali la kuuliza ni hili: fedha hizo zitakiendesha chama miezi mingapi? Tuchukulie chama chenye wanachama 300, mshahara wa wastani shilingi 400,000, ada asilimia 2. Kila mwezi zinaingia 2,400,000. Kodi ya ofisi, mhasibu, nauli na wakili vikila 2,000,000, baada ya miaka mitano milioni 24 zimetimia: miezi 12 ya kujiendesha. Gharama zikipanda hadi 3,000,000 na mishahara ikabaki palepale, akiba ileile ni ya miezi 8, na hata huo msingi unaanza kuliwa kila mwezi. Hakuna aliyeiba, lakini chama kimedhoofika.

Tena mapato yote hupitia mkononi mwa mwajiri. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka akate ada kwa idhini ya mfanyakazi na kuiwasilisha chamani ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Akichelewesha, chama kina haki ya kudai. Lakini mwenye nyumba hasubiri hukumu. Na ucheleweshaji unauma zaidi pale ambapo chama kiko kwenye mgogoro na mwajiri huyohuyo.

Wapo wanaosema mshikamano unatosha, wakitaja makuli wa bandari ya London waliogoma mwaka 1889 wakidai peni sita kwa saa. Ni kweli walishinda, na michango ya Australia, zaidi ya pauni 30,000, iliwaokoa. Lakini ilianza kufika wakati familia zimekwisha kushinda njaa, na migomo inayobahatika hivyo ni michache mno.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha nyingi huwatamanisha viongozi. Nalikubali, na ndiyo maana sheria inadai hesabu zikaguliwe kila mwaka na kusomwa mbele ya wanachama. Mimi ningeongeza kikomo ndani ya katiba ya chama: miezi sita ya gharama katika akaunti ya peke yake, isiyoguswa bila kura ya mkutano mkuu. Kinachozidi hapo kiende kwenye mafunzo ya wawakilishi kazini, au ada ipunguzwe.